Chini ya Sakafu ya Mtakatifu Klementi



Mji wa Roma hupokea wageni kutoka pande zote za dunia, na walio wengi huuona mbio mbio. Asubuhi Koloseo, adhuhuri Basilika la Mtakatifu Petro, jioni chemchemi ya Trevi, ambamo hutupa sarafu huku wakiyapa maji kisogo. (Tusiwacheke: sarafu hizo hukusanywa na kupewa Caritas ya Roma kwa ajili ya maskini.) Lakini mwendo wa dakika chache tu kutoka Koloseo lipo Basilika la Mtakatifu Klementi, na wengi hulipita.

Aingiaye hulikuta kanisa la karne ya 12. Akishuka ngazi hulikuta jingine la karne ya 4, lililofukiwa chini yake hata padre Mdominiko, Joseph Mullooly, alipoanza kulifukua mwaka 1857. Akishuka tena hufika kwenye nyumba za Warumi wa kale na chumba walimomwabudu mungu wao Mithra. Huko husikika maji yakitiririka gizani.

Katika kanisa la kati ndimo alimozikwa Mtakatifu Kirilo, mwaka 869. Yeye na nduguye Methodio, Wagiriki wa Thesalonike, walitumwa kwa Waslavi wa Moravia. Kirilo aliwatungia alfabeti, nao wakatafsiri Maandiko na sala za Misa katika lugha ya watu wale. Wakashtakiwa! Walikuwapo wakleri waliodai kwamba Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, zile zilizoandikwa juu ya msalaba wa Bwana. Ndugu hao wakafika Roma, na Papa Adriano II akavibariki vitabu vyao.

Mimi hulikumbuka kaburi hilo kila nimsikiapo katekista akiomba radhi kwa kufundisha kwa Kiswahili cha kawaida, au mzazi akiona haya kusali na wanawe kwa lugha ya nyumbani. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano twaisikia Misa kwa lugha yetu, nasi tumezoea, kana kwamba jambo hilo halikumgharimu mtu. Methodio, nduguye alipokwisha kufa, alifungwa kwa zaidi ya miaka miwili, tena na maaskofu wenziwe.

Mwenye kujaliwa kufika Roma asiache kushuka ngazi zile. Penye kaburi ataona mabamba ya shukrani yaliyowekwa na mataifa ya Waslavi, na baadhi yake yameandikwa kwa herufi zinazoitwa kwa jina la Kirilo hata leo.