Valvu Iliyolala: Mazungumzo ya Fundi na Wakazi wa Kata



Nimeombwa nizungumzie kitu kisichozidi urefu wa kidole: valvu ya tyubu. Tukikuta tairi limekaa chini, mawazo yetu hukimbilia msumari. Lakini msumari ulionasa mara nyingi huacha upepo utoke kidogo kidogo, dereva akapata nafasi ya kusimama. Valvu ikichanika shinani, upepo huisha ghafla. Fikirini ni gurudumu la nyuma, mteremkoni, na abiria ni mama mjamzito anayewahishwa zahanati.

Chanzo kikubwa ni upepo mchache. Tairi lenye upepo mdogo halishiki rimu sawasawa. Dereva akifunga breki kwa nguvu au akiondoka kwa kasi, huteleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu. Valvu imezuiwa na tundu la rimu, haiwezi kufuata. Hulala upande, na shina lake huanza kuchanika. Basi iangalieni kila asubuhi. Isiposimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, msiongeze upepo na kupakia abiria. Toeni upepo wote, tairi na tyubu virudishwe mahali pake.

Lipo suala la nati ndogo ya valvu. Wengi huikaza hadi kwenye rimu wakidhani ndio usalama. Mimi nasema hapana. Nati ikikazwa hivyo, valvu haionyeshi dalili ya kulala, nayo huchanika kimyakimya. Itumieni kuivuta valvu wakati wa kufunga tairi, kisha ilegezeni na kuipandisha hadi chini ya kifuniko. (Kifuniko chenyewe, ambacho pikipiki nyingi hapa hazinacho, huzuia vumbi na matope.)

Upepo ukipungua bila sababu kuonekana, pakeni maji ya sabuni mdomoni mwa valvu. Povu likitokea, kasoro ni ya kijisindano cha ndani kinachozuia upepo: hukazwa, au hubadilishwa kwa gharama ndogo bila kuvua tairi. Povu lisipotokea, tyubu itolewe na itiwe majini. Mapovu yakitoka pale shina linapokutana na mpira, tyubu hiyo imekwisha. Kiraka hakidumu mahali panapopindapinda, na naomba mteja asimlazimishe fundi kukibandika. Kabla ya kuweka tyubu mpya, fundi apapase tundu la rimu. Kingo zenye kutu zilainishwe kwa msasa.

Kiasi cha upepo husomwa kwenye kibandiko au kitabu cha pikipiki, na hupimwa tairi likiwa bado baridi. Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 huhitaji takriban psi 25 mbele, na 28 hadi 33 nyuma kulingana na mzigo. Kubonyeza kwa kidole gumba si kipimo. Napendekeza kila kijiwe kichangie kipimo kimoja cha upepo, kikae kwa katibu, na kila dereva akitumie kabla ya safari ya kwanza.