Jina Lililohukumiwa Katika Ukoo wa Mwokozi

Somo letu leo ni Mathayo 1:1-17, orodha ya vizazi. Wengi wetu tukifika hapo huruka mbio, tukidhani ni majina matupu. Basi leo na tusimame penye jina moja: Yekonia, katika mstari wa 11 na wa 12.

Yekonia, aitwaye pia Yehoyakini, alitawala Yuda miezi mitatu tu. Mwaka 597 kabla ya Kristo alijitoa kwa mfalme wa Babeli, akachukuliwa mateka. Nabii Yeremia alikuwa ametangaza hukumu juu yake: hata angalikuwa pete ya muhuri mkononi mwa Mungu, angevuliwa, na wazao wake hawatatawala Yuda tena (Yer. 22:24-30).

Hapo pana swali zito. Mungu alikuwa amemwahidi Daudi kiti cha enzi kisichokoma (2 Sam. 7). Na sasa tawi la wafalme limekatwa. Je, ahadi imekufa?

Tufungue Hagai 2:23. Mwaka 520 kabla ya Kristo, Mungu anamwambia Zerubabeli, mjukuu wa Yekonia, kwamba atamfanya kama pete ya muhuri. Pete aliyovuliwa babu, mjukuu anavishwa! Lakini Zerubabeli alikuwa liwali tu, chini ya mfalme wa Uajemi. Kiti kilibaki kitupu, na watu wa Mungu wakazidi kungoja.

Sasa turudi kwa Mathayo, mstari wa 16. Kutoka Ibrahimu, baba anamzaa mwana, kizazi baada ya kizazi. Akifika kwa Yusufu, Mathayo anageuza maneno. Hasemi kwamba Yusufu alimzaa Yesu. Asema Yusufu ni mume wa Mariamu, na Yesu alizaliwa na Mariamu. Hata hivyo malaika anamwita Yusufu mwana wa Daudi, na kumwagiza ampe mtoto jina. Kwa kumpa jina, Yusufu alimpokea awe mwanawe kisheria. Hivyo Yesu ni mrithi halali wa Daudi, naye amekuja kwa uweza wa Roho Mtakatifu. Pale wafalme waliposhindwa, Mungu mwenyewe alilitimiza neno lake.

Ndugu zetu, wako kati yetu waliokwisha kuambiwa kwamba ukoo wao una laana: ndiyo sababu binti haolewi, ndiyo sababu kijana hapati kazi. Wengine wameuza hata mbuzi wa mwisho ili walipe mtu wa kuikata laana hiyo. Watu hao na wamsikilize Mathayo. Yeye hakulifuta jina la Yekonia, wala la Tamari, wala habari ya mke wa Uria. Mwokozi alikubali kuandikwa pamoja nao, na msalabani aliichukua laana yetu, kama Paulo anavyowafundisha Wagalatia (3:13). Deni lililokwisha kulipwa halidaiwi mara ya pili.

Tuombe. Ee Bwana, mwana wa Daudi, wewe wayajua majina ya baba zetu na makosa yao. Utuondolee hofu, utuhesabu katika nyumba yako. Amina.