Shilingi Inayofika Njisi
Maneno ya Kamati ya Fedha kwa wana Njisi walio mbali na nyumbani



Mwaka jana dakika zetu ishirini tulizitumia kusoma hesabu mstari kwa mstari, na baadhi yenu mlisinzia. Tuliwaona. Safari hii hesabu zimebandikwa ukutani, mwenye macho asome. Tumeomba tuzungumze jambo moja tu, nalo ni safari ya shilingi kutoka mfukoni mwako hadi Njisi, na mambo yanayoikwamisha njiani.

Tuanze na umeme, kwa sababu hapo ndipo ndugu wanapogombana.

Wengi wetu tulio mbali tunawalipia wazazi LUKU. Aliye Dar es Salaam ananunua mwenyewe kwa simu. Aliye Lilongwe au London anamtumia mpwa fedha, mpwa ananunua, kisha anampelekea bibi tarakimu 20 aziingize kwenye mita. Bibi hasomi vizuri usiku, anaitwa mjukuu, mjukuu anakosea tarakimu moja, wanaanza upya. Mwaka 2024 mambo yakawa mazito zaidi. Mita zote za malipo ya kabla duniani zinazotumia mfumo kama wetu zilipaswa kuhuishwa kabla ya Novemba 24, 2024, na mteja aliponunua umeme mara ya kwanza baada ya zoezi kuanza alipokea makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza ni ya kuhuisha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Tarakimu 60, tena kwa mpangilio. Kuna wazazi waliingiza kundi la tatu peke yake, mita ikakataa, wakapiga simu kusema mtoto wao ameuziwa umeme feki.

Halafu kuna suala la uniti. Ukilipa shilingi 10,000, si zote zinazonunua umeme. Ndani yake mna VAT asilimia 18, mchango wa REA asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1. Kinachobaki cha umeme ni kama shilingi 8,197. Nyumba inayotumia umeme kidogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Nyumba ikizoea kuzidi hapo huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi. Kwa hiyo elfu kumi ile ile inaweza kuleta uniti zaidi ya 70 katika nyumba moja na uniti 28 katika nyumba ya jirani. Mzazi akinunuliwa friji, au wajukuu wakija likizo na pasi zao, nyumba inahama kundi na hakuna anayemwambia aliye ng'ambo. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inayotozwa hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Usiponunua umeme miezi minne, deni linakusubiri kwenye mita. Siku ukinunua linakatwa lote kwa mkupuo, na uniti zinakuja chache.

Tunawapa hesabu hii yote kwa sababu moja. Mtoto aliye mbali haoni makato. Anaona kwamba ametuma fedha ile ile na uniti zimepungua, basi anahitimisha kwamba mpwa amekula. Kamati hii imeitwa kusuluhisha zaidi ya mara moja, na kwenye familia moja kaka na dada walifikia kutosalimiana msibani. Mpwa alikuwa hajala hata senti. Tunawaomba wote mnaonunua umeme kwa niaba ya wengine, tumeni ule ujumbe mzima unaokuja baada ya kulipa, wenye VAT, REA na EWURA zikionekana. Msitume tarakimu peke yake. Picha ya ujumbe mmoja inaokoa undugu.

Jambo la pili ni laini ya simu.

Siku hizi kila kitu kimefungwa kwenye namba ya simu. Akaunti ya benki inatuma namba ya siri ya muda kwenye simu, fedha za simu ziko kwenye simu, hata kununua tu salio la kumwitia mama bodaboda. Mnakumbuka usajili wa alama za vidole: laini ambazo hazikusajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Waliokuwa nje ya nchi siku zile hawakuwa na kidole cha kuleta dukani. Wengine walikuwa hawajapata namba ya NIDA kabisa, kwa sababu waliondoka kabla zoezi halijafika kwao. Laini ikazimwa, na pamoja nayo ukazimwa mlango wa kuingilia akaunti. Hata leo, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Tuna ndugu ambaye namba yake ya miaka mingi sasa inapokelewa na mtu asiyejua hata Kyela iko upande gani.

Na sisi wa mpakani tuna letu. Ukikaa karibu na Kasumulu, wakati mwingine simu hudaka mnara wa upande wa pili wa Mto Songwe bila kukuuliza. Unajikuta uko Malawi kimtandao huku umeketi kwa mama yako unakula wali, na ujumbe wa benki unaousubiri haufiki.

Ushauri wetu hapa ni mdogo lakini una maana. Laini yako ya Tanzania isikae kimya. Weka salio, piga hata mara moja kwa mwezi, na kama benki yako inaruhusu kubadilisha namba ya kupokelea ujumbe ukiwa nje, fanya hivyo mapema, kabla hujahitaji fedha za msiba saa tano usiku.

Sasa tuje kwenye lile linalotuhusu sote kama chama, na ambalo wengi mmeliuliza pembeni bila kujibiwa vizuri: kwa nini bweni la wasichana lilichelewa kuezekwa?

Fedha za mabati zilikuwepo. Tunarudia, zilikuwepo, na taarifa ya benki iko mezani kwa yeyote anayetaka kuiona. Akaunti yetu ilikuwa na watia saini watatu, na hundi ilihitaji wawili. Mmoja, mzee wetu, alitangulia mbele za haki. Wa pili alikuwa ameshahamia Uingereza kikazi. Akabaki mmoja, na mmoja hawezi kutoa kitu. Benki ilitaka yule wa Uingereza afike mwenyewe tawini na kitambulisho chake. Tukauliza kama anaweza kwenda ubalozini akathibitishwa huko. Tawi likasema watauliza makao makuu. Makao makuu wakajibu baada ya wiki tatu kwamba watauliza kitengo cha sheria. Tukaambiwa tubadilishe watia saini. Sawa. Tukapeleka muhtasari wa mkutano. Wakataka na katiba. Tukapeleka katiba. Wakataka cheti cha usajili kilichothibitishwa, kisha barua ya kututambulisha, kisha picha ndogo za watia saini wapya, na picha za kwanza zikakataliwa kwa sababu ya rangi ya nyuma.

Tulianza kazi hiyo Januari. Anayeijua Kyela anajua Aprili na Mei mvua yake ikoje. Kenchi zilikuwa zimeshapandishwa juu ya kuta, zikisubiri bati. Zililowa wiki baada ya wiki hadi mbao zikapinda, na fundi akasema hawezi kupigilia bati juu ya mbao ya namna ile. Mbao zikanunuliwa mara ya pili. Wasichana ambao tuliwaahidi kulala shuleni muhula ule waliendelea kupanga vyumba mtaani au kutembea, na wawili kati yao hawakurudi darasani. Hilo ndilo linalotuuma. Mbao zinanunulika.

Hatusemi benki ilivunja sheria. Sisi wenyewe ni watu wa mahesabu, tunajua masharti yale yapo kuzuia wezi, na vyama vingi vya kijiji vimelizwa na watia saini wao. Tunachosema ni kwamba masharti hayo yametungwa kwa ajili ya mtu anayeishi hatua chache kutoka tawini. Chama cha watu waliotawanyika kama sisi lazima kijipange kabla. Kwa hiyo sasa watia saini ni watano, watatu wakiishi Kyela, na hundi inahitaji wawili, mmoja wao lazima awe wa nyumbani. Kila mkutano mkuu utathibitisha majina yao kwenye muhtasari, hata kama hakuna kilichobadilika, ili karatasi isipitwe na wakati.

Kuhusu gharama za kutuma hatutakaa sana, maana kila mmoja ana kilio chake. Tulio ndani ya nchi hatujasahau tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo na kupunguzwa tena baadaye. Lakini walio nje ya nchi wanaumia zaidi. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kuja nchi zetu za kusini mwa Sahara hula karibu asilimia 8, na Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi ghali kuliko zote kutumia fedha nje. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ishuke chini ya asilimia 3. Bado ni mbali.

Ada nyingi zina sehemu isiyobadilika, iwe unatuma kidogo au kingi. Tuchukulie ada hiyo ni sawa na shilingi 9,000. Watu watano wa Johannesburg wakituma kila mmoja 50,000 yake, zimeliwa 45,000 katika 250,000. Wakikusanya na kutuma mara moja, zimeliwa 9,000. Tofauti ni mabati. Na kampuni ikikuambia haitozi ada, tazama kiwango cha kubadilishia fedha. Ikikupa shilingi 100 pungufu kwa kila pauni, pauni 100 zimeshaacha shilingi 10,000 mezani kwake.

Ndugu zetu wa Malawi, nyinyi mna jambo la pekee. Wengi mmekuwa mkikusanya michango kwa kwacha mwaka mzima na kuivusha Kasumulu mwishoni. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Kwacha 100,000 zilizokuwa karibu dola 85 jioni ya jana zikawa dola 59 asubuhi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kuandika daftarini. Fedha zilikuwa zimekaa tu. Tunaomba mvushe kila robo mwaka, kwa wabadilisha fedha wenye leseni, na mchukue karatasi. Tunajua wapo wanaomkabidhi kijana wa basi bahasha. Wengi wa vijana hao ni waaminifu kuliko mfumo wowote wa kompyuta, lakini mhasibu hawezi kuandika stakabadhi ya bahasha ambayo haikufika.

Utaratibu wa mwaka huu, basi. Kila mji uchague mkusanyaji mmoja na msaidizi wake. Michango itumwe kwa mkupuo mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, moja kwa moja kwenye akaunti ya chama, na si kwenye simu ya mtu, hata akiwa mwenyekiti. Anayetuma kwa wakala hadi kwa mkusanyaji wake atume na ya kutolea, ili elfu hamsini ibaki elfu hamsini. Mkusanyaji aandike majina yote na kiasi cha kila mmoja, atutumie orodha siku ile ile, nasi tutatoa stakabadhi ndani ya siku saba kwa kila jina, hata la aliyetoa elfu mbili. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwaka jana tulikuwa na michango minne iliyokaa bila mwenyewe kwa sababu mtu alituma kwa jina la utani la utotoni, na jina hilo Njisi nzima wanalo watu sita.

Lengo la mwaka huu ni vitanda na magodoro ya bweni, matangi ya maji ya mvua, na kuvuta umeme. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, hilo si tatizo. Kazi ni kutandika nyaya ndani, na kuhakikisha LUKU ya bweni ina mtu maalumu wa kuinunua, ambaye jina lake litabandikwa mlangoni.

Meza ya mweka hazina iko kushoto mwa mlango na daftari litakuwa wazi hadi saa kumi na moja jioni. Wanaotusikiliza kwa simu, wakusanyaji wenu watawapigia kabla ya Jumapili.