Mlima Hanang na Mji wa Katesh: Historia ya Poromoko na Hatari Iliyobaki

Mlima Hanang, wenye urefu wa takriban mita 3,420, umesimama peke yake mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Ni volkano iliyolala siku nyingi. Chini ya mteremko wake wa kusini uko mji mdogo wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, kwenye barabara iendayo Singida kutoka Babati. Wabarbaig, Wairaqw na wahamiaji wa baadaye hawakukaa hapo kwa ujinga: mlima huvuta mvua, makorongo huteremsha maji, na udongo wa volkano huzaa mahindi na maharage. Lakini udongo huo uliteremkaje mpaka bondeni? Sehemu yake ililetwa na maji na tope la zamani, kabla hapajawa na mji wala wa kusimulia.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalifuata makorongo, yakapita Gendabi na Jorodom, yakaingia Katesh madukani na majumbani wakati wengi bado wamelala. Watu wasiopungua 89 walikufa. Uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali waliukanusha: miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia.

Tope la namna hiyo si mafuriko ya kawaida. Likijaa mchanga na kokoto, uzito wake hukaribia mara mbili ya uzito wa maji, hivyo hata jiwe kubwa hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake na kubebwa. Magogo huziba korongo mahali pembamba. Tope hujaa nyuma ya magogo hayo, kisha kizuizi hupasuka na mzigo wote hushuka kwa mkupuo. Ndiyo maana aliye bondeni anaweza kuona maji yamepungua ghafla na kudhani hatari imekwisha, kumbe hiyo ndiyo dalili ya kukimbia.

Mvua yenyewe ilitabiriwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza vuli ya juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Hata hivyo, utabiri wa msimu husemea mikoa mizima kwa miezi, ilhali korongo moja hujaa kwa saa chache, tena usiku. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kwa Hanang, kamati hiyo ina faida ikiwa na mtu wa kupima mvua juu mlimani, simu, na njia ya kuamsha kaya zilizo kando ya makorongo. 

Serikali iliwajengea baadhi ya waathirika nyumba huko Waret. Kuhama kunapunguza idadi ya walio kwenye njia ya tope, ila soko, ofisi na barabara vimebaki Katesh. Juu mlimani, mahali pa mmeguko pana udongo uliolegea usio na mizizi ya kuushika, na kila msimu wa mvua unaweza kushusha sehemu yake kwenye makorongo yaleyale.