Baiti, Herufi na Irabu Saba: Kusoma Kumbukumbu ya Kompyuta kwa Mfano wa Kyela



Jina Kyela lina herufi tano. Likihifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta huwa namba tano zinazofuatana: 75, 121, 101, 108 na 97. Kila namba hukaa katika baiti moja, na kila baiti ina anwani yake. Moduli ya ctypes, iliyoingizwa katika toleo la 2.5 la lugha ya programu ya Python mwaka 2006, ina fanksheni iitwayo string_at. Hupewa anwani na idadi ya baiti, nayo hurudisha zilizopo mahali hapo, ndani ya kumbukumbu ya mchakato uleule unaoiendesha. Ikipewa anwani isiyoruhusiwa, kwa kawaida programu nzima huanguka. (Kuchungulia kumbukumbu ya mchakato mwingine ni jambo jingine, hapo mfumo endeshi hudai idhini, na ni vema unavyodai.)

Fanksheni hiyo haisomi herufi. Baiti mbili za mwanzo za Kyela zikichukuliwa kuwa namba moja hutoa 19321 iwapo ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa, na 31051 iwapo ndiyo yenye uzito mdogo. Ndani ya baiti hamna kinachosema ipi ni sahihi. Makubaliano yako nje yake, kama maana ya neno ilivyo katika makubaliano ya wanenaji wala si katika sauti.

Katika Kiswahili tatizo hili hujificha, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika orodha ya ASCII, baiti moja kwa kila herufi. Kinyakyusa, kinenwacho Kyela na Rungwe, kina irabu saba. Wanaisimu huweza kuiandika irabu ya mbele ya pili kutoka juu kwa alama ɪ, ambayo katika UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huchukua baiti mbili: 201 na 170. Programu inayozisoma kwa ISO 8859-1, mfumo wa herufi za Ulaya Magharibi, huonyesha Éª. Ng'ambo ya Mto Songwe mkasa ni uleule: jina Malaŵi, kwa tahajia ya w yenye kofia, lina herufi sita lakini baiti saba, nalo hugeuka MalaÅµi.

Mbele ya uharibifu huo huja pendekezo jepesi: Kinyakyusa kiandikwe kwa irabu tano, kama Kiswahili, kompyuta isisumbuke. Hilo ni kuiadhibu lugha kwa kosa la msomaji. Kinyakyusa hutofautisha maneno kwa irabu hizo. Zikiunganishwa katika maandishi, maneno mawili hupata umbo moja, na hakuna fanksheni iwezayo kurudisha tofauti ambayo haikuhifadhiwa. Wanaokusanya msamiati wa ufuko huo, kutoka Itungi hadi Matema, waandike irabu zote saba, na mwanzoni mwa kila faili wataje mfumo wa herufi walioutumia. MalaÅµi hurekebishika: baiti zake saba zi salama, na zikisomwa upya kwa UTF-8 jina hurudi zima.