Noti Isomwe kwa Kidole



Vijana wanaosomea usanifu wa michoro wana zoezi wanalolipenda: kuchora upya noti za nchi yao bila kutumwa na benki yoyote. Huyu huweka twiga, yule huweka mlima, na walimu wao hutoa maksi. Zoezi hilo silidharau. Anayechora noti hulazimika kujibu swali gumu: sisi ni nani, na tungependa tujulikane kwa lipi?

Majirani zetu wa Kenya walilijibu kwa sheria. Katiba yao ya mwaka 2010 ilikataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu yeyote, na noti zilizotoka mwaka 2019 zikabeba jumba la mikutano la KICC, Nairobi. Sisi tunaye Mwalimu Nyerere kwenye noti ya shilingi 1,000, kisha simba, kifaru na tembo. Miaka ya 1980 noti yetu ya shilingi 200 ilionyesha wavuvi wakiwa kazini. Ningefurahi wenye jasho wakirudi. Mkulima wa alizeti wa Iramba naye anastahili kuonekana.

Lakini picha ndiyo sehemu nyepesi. Nendeni Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Pale noti haitazamwi, inashikwa. Hufunguliwa kutoka pindo la khanga, hupitishwa dirishani mwa basi linaloanza kuondoka, hurudishwa chenji mbio mbio. Nilimuuliza mama mmoja muuza vitunguu anazitambuaje noti magari ya jioni yakifika. Akanijibu: “Mwanangu, giza likiingia rangi zote ni ndugu. Nasikiliza vidole.”

Hilo ndilo somo la kwanza kwa mchoraji. Noti isomwe kwa kidole. Ukubwa utofautiane waziwazi, na alama za kupapasa zibaki hata karatasi ikichakaa. Anayenufaika kwanza ni asiyeona, lakini mama wa Misigiri naye hatapunjwa.

Somo la pili ni uimara. Noti ndogo ndiyo inayozunguka sana, hivyo ndiyo inayokufa mapema. Jero ya karatasi tunaikumbuka ilivyolegea mikononi, hata mwaka 2014 ikaletwa sarafu ya shilingi 500. Kwa hiyo mchoraji asianze na msimbazi wa shilingi 10,000 unaolala kabatini. Aanze na noti ya muuza nyanya.

Somo la tatu ndilo zito. Kila noti mpya ina siku ya kuzika ya zamani. Benki Kuu ilitoa muda kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili mwaka 2025 ili wananchi wabadilishe noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo zikakoma kuwa halali kwa malipo. Miezi mitatu ni mingi kwa mwenye akaunti. Kwa bibi aliyefukia akiba yake ya maziko kwenye chungu, asiye na redio wala nauli ya kwenda benki, ni kufumba na kufumbua. Mtu huyo hakuiba wala hakughushi. Aliamini tu maandishi yaliyo juu ya karatasi ile.

Sisemi noti zisibadilishwe. Waghushi hawalali, na fedha lazima iwatangulie. Nasema tangazo la kubadilisha lihesabiwe kuwa sehemu ya mchoro. Lipigiwe mbiu minadani, makanisani na misikitini, na gari la benki lifike vijijini kabla siku haijaisha.

Vijana wachoraji, kalamu mnayo. Kabla ya kuchagua mnyama, ulizeni mkono utakaoishika noti hiyo.