Kiingereza cha uchumi kianzie mpakani

Hotuba ya mhadhiri wa Kiingereza kwa wazazi, wafanyabiashara na wanafunzi mjini Busia



Nimeombwa nieleze kwa nini siku hizi mnawaona vijana wa chuo kikuu wakizunguka sokoni hapa Busia na kule Malaba wakiomba risiti kuukuu. Si wapelelezi wa kodi. Mimi ndiye niliyewatuma.

Kwa miaka mingi wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wawe wa uchumi, uuguzi au kilimo, walisoma Kiingereza kwa kijitabu kimoja: namna ya kuandika barua, namna ya kufupisha habari. Kisha yule wa uchumi alifungua kitabu cha nadharia na kukwama. Maneno magumu hayakumsumbua, maana hayo huyatafuta kwenye kamusi. Yaliyomponza ni yale aliyodhani anayajua. "Duty" alifundishwa shule ya msingi kuwa ni wajibu. Forodhani ni ushuru. "Interest" ni hamu ya jambo; benki ni riba.

Muhula mmoja niliwapa zoezi la cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Wengi wenu mnakijua. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha na zilizotoka ndani ya Jumuiya, hasamehewi kila tozo, ila ushuru wa forodha haulipi. Niliwaambia wamjazie mama aliyenunua Uganda mchele uliotoka Pakistan. Wengi waliandika kwamba asili yake ni Uganda. "Origin" ni mahali bidhaa ilikolimwa au kutengenezwa, si kibanda ulikoinunua. Kwa mwanafunzi kosa hilo ni alama moja. Kwa mama aliyemwomba mwanawe msomi amsaidie, ni mzigo kuzuiliwa, na yeye kuonekana mwongo mbele ya afisa.

Hapo ndipo nilipoanza kukiandika kijitabu upya. Swali la kwanza: mchumi anayeanza kazi atasoma nini, ataandika nini, atazungumza na nani? Si swali jipya. Walimu wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Khartoum, akiwemo John Swales, walihangaika nalo miaka ya 1970.

Sura ninayoipenda ni ya mahindi. Mwanafunzi anaandika bei ya gorogoro upande huu na upande wa pili, anageuza shilingi za Uganda kuwa za Kenya, kisha anaeleza kwa Kiingereza kilichotokea. Hapo tunabishana sana. Ushuru ukitoka asilimia 10 hadi 15, umepanda kwa asilimia 5? La, umepanda kwa pointi 5 za asilimia, ambayo ni nusu ya ulivyokuwa. Na bei ikipanda wiki ya mvua, je, mvua ndiyo iliyoipandisha, au huenda ni lori lililochelewa? Hilo "huenda" lina namna zake nyingi kwa Kiingereza, na mchumi asiyezijua atawaambia watu jambo asilo na ushahidi nalo.

Wenzangu wengine hawapendi kwamba maelezo ya mfanyabiashara tunayaandika kwanza kwa Kiswahili, kama alivyoyasema, ndipo tuyapeleke kwenye Kiingereza. Mimi siachi. Sisi ndio tuliochukua neno la Kiingereza la mpaka tukapata bodaboda. Kuvusha maneno si kazi ngeni hapa.

Basi wakija, waambieni waonyeshe kitambulisho cha chuo. Ziba jina lako na namba ya simu kwenye risiti kabla ya kuipiga picha, hatuvihitaji. Bei mtutajie ile mliyouzia kweli, si ile ya kuanzia kupatana. Na kama fomu fulani iliwahi kukuchanganya, tuonyeshe ni mstari gani. Tutauweka kwenye kijitabu.